Mtama wa Kulungu na Asubuhi ya Jalidi

Kama unafuga ng'ombe, na nyumbani kwako kuna mtu anayewalimia kulungu, soma haya kabla baridi haijaingia. Mimi niliyajua nikiwa nimechelewa. Siyo kwamba sikuambiwa. Niliambiwa, tena na mwanangu mwenyewe, nikiwa jikoni na mwiko mkononi, na nikamjibu kwa dharau.

Mwanangu huyo ni Mahlon, ana miaka ishirini na mmoja. Mchana anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, lakini akili yake yote iko kwa kulungu. Mwaka juzi, majani yalipokuwa yanapukutika, aliliona dume moja pembeni mwa msitu wetu, pembe zake matawi kumi na mawili. Ndivyo anavyosema yeye. Mwingine aliyeliona simjui. Tangu siku ile ukimwambia leta kuni anakwambia kulungu, ukimwambia chumvi anakwambia kulungu.

Basi mwezi wa Machi akamwomba baba yake konde la bondeni, lile linaloshuka mpaka msituni, alime chakula cha kuwavuta kulungu, ajenge na dungu juu ya mti awavizie kwa upinde. Nikasema hapana. Konde lile ndilo linalotupa majani ya akiba, yale ng'ombe wanayokula Februari nje kukiwa theluji tupu. Hesabu yangu mimi ni moja tu kila mwaka: Hulda na Rozi wafike Aprili wakiwa hai na wana maziwa. Nyumba ina midomo tisa. Siagi, jibini, maziwa ya watoto, vyote vinatoka kwa ng'ombe wale wawili.

Roman, mume wangu, akajikuna ndevu. "Mpe mwaka mmoja, Saloma," akasema. "Afadhali kijana anayekaa na kulungu kuliko anayezurura na magari ya Waingereza."

Kwetu sisi tunaotumia farasi badala ya magari, Mwingereza ni yeyote asiye wa kanisa letu, hata kama ukoo wake wote umetoka Italia.

"Na ng'ombe watakula nini?" nikamuuliza.

"Mungu ataleta mvua, majani ya juu yatatosha."

Sikuridhika, lakini nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonichemsha mwaka mzima.

Aprili Mahlon akafunga farasi wawili, akalima. Akarudi na gunia la mbegu za klova, majani mafupi ya malisho, lina picha ya dume lenye pembe pana kama mlango wa ghala. Udongo wa bondeni ni mchachu, usipoutia chokaa hauoteshi kitu cha maana. Jambo hilo linajulikana hata na kuku. Nikamwambia atie chokaa kwanza, asubiri, ndipo apande.

"Karatasi ya gunia inasema inaota popote, mama."

"Karatasi hiyo ilishawahi kushika jembe?"

Akacheka, akapanda. Klova ikachomoza, ikawa njano, ikalala chini. Mei yote nilikuwa nikitoka mlangoni naona kipande kile chekundu cha udongo mtupu, mahali ambapo majani yangekuwa yamefika gotini, nikirudi ndani napiga masufuria.

Akapanda tena. Safari hii bata mzinga wa msituni walishuka asubuhi, kundi zima, wakazidonoa mbegu moja moja kama wanawake wanaochambua mchele. Mahlon akawakimbiza kwa kofia. Akajiandikia kwenye kijitabu chake: *mwakani panda jioni*. Nikamuuliza kama bata mzinga hawajui jioni.

Juni akaja na jambo jingine, mtama. Siyo mtama wa kuliwa na watu, ni ule wa majani unaorefuka kupita kimo cha mtu. Aliupanda ukalizunguka konde pande zote.

"Na huu ndio watakaoula?" nikamuuliza.

"Hawaugusi, mama. Huu ni pazia. Nipite nyuma yake mpaka dunguni bila wao kuniona."

"Pazia la chumbani kwako lina matundu mwaka wa pili huu. Kulungu ndio wamepata jipya."

Edna, binti yangu wa miaka kumi na sita, alicheka mpaka akaangusha kitambaa cha vyombo. Mahlon hakukasirika. Hilo nalo liliniudhi. Mtu unamsema, yeye anakutazama kama unayeimba.

Kisha mvua ikakatika. Julai haikunyesha, Agosti ikanyesha siku moja ya kudanganya. Majani ya juu, yale Roman aliyosema yatatosha, tulipoyakata mara ya pili yalijaza nusu ya mkokoteni. Mahlon akamwaga mbegu za tanipu, ile mboga ya mizizi, katikati ya konde lake, zikaota kwa mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Sehemu nyingine ilijaa magugu. Mtama tu ndio uliosimama, maana mtama hauogopi jua. Ulikuwa kijani kizito, umewaka afya, na ng'ombe wangu wamesimama kwenye waya upande wa pili wanautazama na kulia.

Na kulungu, mabibi, walikuwa wapi? Walikuwa kwangu! Walikuwa wanalipita konde la Mahlon bila hata kugeuza shingo, wanavuka njia, wanaingia bustanini na kula maharage yangu. Asubuhi moja nilitoka na bakuli nikakuta safu mbili zimebaki vijiti, na majani ya bitiruti yamenyofolewa. Nikamwita Mahlon aje aone kazi yake. Akapiga magoti kwenye udongo. Nikadhani anasikitika.

"Mama! Umeona ukubwa wa kwato hii? Ni lile dume!"

"Nimeona ukubwa wa bakuli langu. Halina kitu."

"Kumbe lipo kweli. Nilijua tu."

"Basi lima maharage, Mahlon. Ndiyo linayoyataka. Mimi nitakaa dunguni."

Septemba ikafika katikati. Ukipanda juu ghalani ulikuwa unaona mbao za sakafu mahali ambapo miaka mingine ungezama kwenye majani mpaka kiunoni. Hulda alikuwa na mimba ya kuzaa Machi na mbavu zake zimeanza kuonekana. Kila jioni nikikamua ndoo ilikuwa inapungua kidole kimoja. Nikamwambia Mahlon akate nusu ya ule mtama awape ng'ombe.

"Wiki mbili tu, mama. Msimu wa kuwinda ndio umefunguliwa. Nikiukata sasa kulungu wataniona."

Wiki mbili zikapita. "Wiki mbili tu, mama."

Kitu pekee alichokata kilikuwa kijia chake cha kwenda dunguni, alikifyeka Agosti. Na hapo penye kijia mtama ulichipua upya, machipukizi laini, yamefika gotini. Nikamwendea Roman. Roman alikuwa anapaka mafuta lijamu ya farasi.

"Mtaelewana," akasema.

"Tutaelewana lini? Ng'ombe wakishakuwa mifupa mitupu kama viti?"

"Saloma, Saloma."

Ndilo jibu nililopata.

Jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe, ikaja Jumanne, wiki ya pili ya Oktoba, mapema kuliko tulivyozoea. Niliamka malisho yote meupe. Suruali moja ya Roman niliyoisahau kwenye kamba tangu kufua Jumatatu ilikuwa imekakamaa, ukiishika inagonga kama ubao. Nikaingia ndani nikakaanga vipande vya ugali vya chai ya asubuhi. Mahlon akaja mezani ameshavaa koti.

"Mama, leo ng'ombe wasiende bondeni."

"Walienda lini? Ungeniachia tangu Septemba wangekuwa wameshanona."

"Nasema kwa sababu ya jalidi. Mtama ukipigwa na jalidi unakuwa na sumu. Imeandikwa kwenye karatasi ya gunia."

"Karatasi tena."

"Kweli, mama. Inabidi wasubiri."

"Wasubiri muda gani?"

Akasita. "Kama wiki mbili hivi."

Ndugu zangu, nilicheka. Nilicheka kile kicheko ambacho mtoto akikisikia anajua bora apigwe. "Wiki mbili! Wiki mbili! Klova inaota popote, imeandikwa kwenye karatasi. Kulungu watajaa mpaka utawafukuza, imeandikwa kwenye karatasi. Sasa ng'ombe wangu wanataka kula pazia lako, karatasi imepata sumu!"

"Mama, siyo pazia ninalolilinda…"

"Kula. Gari limefika."

Na kweli dereva wa kiwanda alikuwa ameshapiga honi barabarani. Mahlon alichukua kipande cha ugali mkononi. Mlangoni akageuka. "Tafadhali, mama," akasema. Nikamwonyesha mgongo.

Tafadhali hiyo naisikia mpaka leo.

Kufika saa nne jua lilikuwa limetoka, jalidi imeyeyuka, dunia inang'aa kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaenda ghalani kuwapimia ng'ombe majani yao ya asubuhi. Nikaona ninachowapa, nikaona kilichobaki. Hulda akakimaliza nikiwa bado nimesimama, akaninusa mkono kutafuta kingine. Hapo hasira ikanipanda kichwani. Nikavifungua vizuizi, nikawaswaga wote wawili kuelekea bondeni.

Edna alikuwa anakusanya mayai. "Mama, si Mahlon amesema…"

"Mahlon alisema klova itaota."

Nikafungua lango la konde. Hulda hakuhitaji kuswagwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kijia, kwenye machipukizi laini, akaanza kung'oa kwa mafungu. Rozi, ambaye siku zote ni mwoga wa mahali papya, alizubaa kwenye tanipu katikati, anachagua majani. Nikaegemea nguzo nikawatazama. Nitasema ukweli: nilikuwa na furaha. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mahlon jioni.

Haikufika hata nusu saa. Hulda aliinua kichwa, mdomo umejaa, akaacha kutafuna. Akaanza kuhema kama aliyepanda kilima. Nikadhani amepaliwa. Mate yakamtoka na povu, akapiga hatua ya pembeni, nyingine, miguu ya nyuma ikampotea, akaanguka juu ya mtama ukalala chini yake wote.

"Edna! Simu! Mwite daktari wa mifugo!"

Simu yetu iko kwenye kibanda mwisho wa njia, tunaishiriki na nyumba tatu. Edna akakimbia, mayai akayaacha yaviringike. Mimi nikamkimbilia Rozi, ambaye naye alikuwa ameshaufikia mtama, ameanza kula. Nikamvuta pembe, akagoma. Nikampiga kwa kiatu changu. Nikamtoa mpaka nje ya lango, na hapo nje miguu yake ikaanza kutetemeka.

Nikasimama katikati ya wawili. Huyu anahema, yule anarusha miguu. Sikujua nimshike yupi. Ukiwa na watoto saba unadhani umeshajua hofu zote.

Daktari Preston, Mwingereza kijana mwenye viatu vya mpira, alifika baada ya dakika arobaini. Hulda alikuwa ameshakata roho. Daktari alimfunua mdomo, fizi zilikuwa nyekundu kama cheri. Hakuuliza mengi. Alitazama mtama, akatazama nyasi zilizolowa, akakimbia kwa Rozi na kumchoma sindano kubwa ya shingo, dawa ikaingia polepole. Akakaa naye chini, kiganja kwenye mbavu, mpaka pumzi ikatulia.

"Angekula kama mwenzake, nisingemkuta hai," akasema.

Nikamuuliza wangesubiri siku ngapi. Naandika alivyosema, na wewe andika ubandike ghalani. Mtama ukishapigwa na jalidi, ng'ombe asiingie wiki ya kwanza hata kwa dakika. Wiki mbili ndiyo salama zaidi. Jalidi ikirudi, unaanza kuhesabu upya. Machipukizi mafupi ndiyo mabaya kuliko yote, na ukame unazidisha. Kulungu asipougusa, usiseme ni mjinga.

Wiki mbili. Kama alivyosema.

Mahlon alirudi saa kumi jioni. Alimwona Hulda chini ya turubai, akavua kofia. Nilisimama pale nikingoja aseme "nilikuambia." Nilitaka aseme. Angesema, ningejua pa kuweka mikono yangu. Hakusema. Alichukua waya akalifunga lango mara tatu, akaenda kumshika Rozi kichwa. Roman alipofika na kuuliza, Mahlon ndiye aliyejibu.

"Ni mtama wangu, baba. Nisingeupanda, yasingetokea."

Roman akanitazama. Nikaingia ndani kuandaa meza.

Hivyo ndivyo habari ilivyoenea: Mahlon na kulungu wake wamemuua ng'ombe wa mama yake. Nami nikaiacha ienee. Kila nilipotaka kusema nilikumbuka chokaa, bata mzinga, maharage, nikajiambia lakini si ni kweli, bila konde hilo majani yangekuwepo. Na ni kweli. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kunyamaza.

Jumapili ya pili yake ibada ilikuwa nyumbani kwa Fannie, mke wa Levi, ng'ambo ya kilima. Jumamosi usiku jalidi nyingine ilikuwa imeanguka. Baada ya mahubiri wanaume walikula kwanza, wakatoka nje, sisi wanawake tukabaki jikoni na vyombo na mikate iliyobaki. Verna, dada wa Roman, ana ulimi kama kisu cha kuchuna.

"Saloma, pole na Hulda. Huyo Mahlon ungempeleka kwa kulungu wenyewe wakamlee."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa heshima ya marehemu.

"Vijana na kulungu!" akasema mwingine. "Wangu analala na kijitabu cha mbegu chini ya mto."

"Ila ana moyo," Verna akaendelea. "Levi alimuuliza pale nje mbele ya wanaume wote, akakiri mwenyewe. Ni mimi, akasema, ni konde langu. Masikini, masikio yamemwiva."

Nilikuwa nafuta sahani. Niliifuta ile ile mpaka Edna akaninyang'anya. Aliniangalia usoni.

"Siyo yeye," nikasema.

"Nini?"

"Lango nililifungua mimi. Yeye aliniambia asubuhi ile, wasiende, mtama ukipigwa na jalidi una sumu. Aliniambia tafadhali. Nikamcheka."

Verna akaweka chini mkate aliokuwa anaukata. Lakini mimi sikuwa namtazama Verna. Nilikuwa namtazama Fannie, mwenye nyumba. Ameshika birika la kahawa, na rangi imemtoka usoni.

"Mtama upi?" akauliza.

"Ule mrefu wa majani. Wa pazia."

"Siyo zile mbegu za mtama wa kula?"

"Siyo za kula. Mahlon alimgawia na mwanao mbegu zilizobaki, wakati wa Juni, karatasi ya gunia ikabaki kwetu."

"Ameupanda nyuma ya ghala," Fannie akasema. "Mimi nilisikia ni klova imemuua Hulda, imemvimbisha tumbo. Ndivyo walivyosema. Nikajua sisi hatuna klova."

Birika likagonga meza.

"Asubuhi tumewahamisha ng'ombe huko nyuma. Tulitaka malisho ya mbele yawe wazi kwa farasi wa wageni."

Hatukungoja shali. Tulitoka kwa mlango wa nyuma, wanawake kumi na tano wa nguo za ibada na aproni nyeupe, Fannie mbele na mikono yake ya sabuni, Verna anashika kofia isimtoke, mimi nyuma yao napiga kelele wawatoe kwanza wale walio pembeni. Ng'ombe wanne walikuwa huko. Wawili walikuwa bado kwenye mabua ya mahindi. Wawili walikuwa wameufikia mtama, mmoja na jani linaning'inia mdomoni. Tuliwapungia aproni, tukawasukuma matakoni, Verna akampiga mmoja kwa kitabu cha nyimbo alichosahau kukiacha mezani. Wakatoka. Edna akafunga lango kwa mkanda wa aproni yake.

Nikamtuma Edna akampigie daktari simu, na kisha hapakuwa na la kufanya ila kuwatazama. Nikawafundisha wenzangu cha kutazama: pumzi, mate, miguu ya nyuma. Fannie aliweka kiganja kwenye mbavu za yule wa jani, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, akifika ishirini anarudi moja. Nami nikaweka changu upande wa pili. Jua lilikuwa juu yetu, viatu vimelowa.

Wanaume walizunguka ghala kuja kuuliza kahawa iko wapi. Chini ya kiganja changu pumzi ilikuwa bado imetulia, na Fannie alifika ishirini, akarudi moja.